Kabla ya kulipia TV: stika inasema nini na picha inatoka wapi

Uliza TV ya inchi 43 katika duka la Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue kule Nairobi, na utaonyeshwa tatu zilizotundikwa bega kwa bega. Zote nyembamba, zote zinacheza video ileile ya maua na samaki wa rangi, na bado bei ya moja inaweza kukaribia mara mbili ya bei ya mwenzake. Stika kwenye fremu zinasema Full HD, 4K, HDR, QLED, Smart. Muuzaji anasema, "Kaka, chukua hii, hii ni 4K." Mnunuzi anabaki hajui hasa analipia nini.

Mkanganyiko huu huzidi kila mashindano makubwa ya mpira yanapokaribia, na sasa Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, kwa hiyo stika zitaongezeka. Picha unayoiona ukiwa kwenye kochi inatokana na mambo matano: wingi wa nukta za kioo, ukubwa wa kioo ukilinganisha na mahali unapokaa, uwezo wa kioo kutoa giza na mwanga, ubora wa kinachoingia kwenye TV, na jinsi TV ilivyosetiwa. Stika ya 4K inazungumzia la kwanza peke yake. Kwa sebule nyingi za kwetu, hilo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote matano.

Nukta za kioo

Kioo cha TV kimejaa nukta ndogo za mwanga, na kila nukta huitwa pikseli. Ndani ya kila pikseli mna vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Rangi zote unazoziona zinapatikana kwa kuviwasha vipande hivyo vitatu kwa viwango tofauti.

HD ya kawaida ni pikseli 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. TV nyingi za inchi 32 zina 1366 kwa 768, jumla kama milioni moja, na boksi lake huandikwa HD au HD Ready. Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600. 4K, ambayo pia huandikwa UHD, ni 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, mara nne kamili ya Full HD.

Chukua mfano wa mkeka. Ukisukwa kwa chane nyembamba, maua yake yanatoka na kona zake. Ukisukwa kwa chane nene, ua linaonekana limekatwakatwa. Lakini ukisimama hatua tano mbali, huoni tena chane, unaona ua tu. Na kama rangi za mkeka zimepauka, wembamba wa chane hauokoi kitu. Pikseli ni chane. Umbali na rangi ni mambo mengine, nayo yanakuja.

Kwanza kuna udanganyifu wa kuujua. TV za bei ya chini, hasa inchi 32, mara nyingi hubandikwa "4K supported" au "Full HD 1080p" wakati kioo chenyewe ni 1366 kwa 768. Maana ya maneno hayo ni kwamba TV inakubali kusoma faili la 4K, kisha inalipunguza liingie kwenye kioo chake. Kwenye karatasi ya vipimo neno la kutafuta ni "resolution" ya kioo chenyewe, yaani "panel" au "display". Chochote kilichoandikwa kwenye mstari wa "support" hakikuhusu.

Karatasi ikikosekana, kioo kinaweza kuhesabiwa, na kazi hiyo haichukui dakika tano. Omba TV iwekwe kwenye ukurasa mweupe, weka rula ya shule kwa mlalo, sambamba na ukingo wa chini wa kioo, bila kukandamiza, kisha piga picha kwa simu ukiwa karibu kadiri kamera inavyoweza kushika. Ikuze picha hiyo kwenye simu na uhesabu vipande vyekundu tu ndani ya sentimita moja. Inchi 32 yenye 1366 itakupa kama 19, na ya Full HD ya kweli itakupa 27. Inchi 43 ya Full HD itakupa 20, ya 4K 40. Inchi 55 ya 4K itakupa 31 au 32. Hesabu ikija nusu ya ulichoahidiwa, stika ni uongo. Njia hii ni ya uhakika kuliko kufungua picha kali kutoka kwenye flashi, kwa sababu TV nyingi, hata za 4K halisi, huonyesha picha za mnato kwa kiwango cha Full HD tu. Ukipima kwa picha hizo unaweza kuikataa TV nzuri bure.

Inchi, kochi na jicho

Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kioo peke yake bila fremu. Inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni 109, inchi 50 ni 127, inchi 55 ni 140, na inchi 65 ni 165. Nenda na futi kamba. Nusu inchi pungufu ni kawaida kwa viwanda vingi, maana vioo vingi vya "32" ni inchi 31.5, sawasawa na sentimita 80. Ikipungua inchi mbili au tatu, umeuziwa namba ya modeli. Kuna TV ambazo namba yake ya modeli inaanza na 43 huku kioo ni cha 40, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Jicho lina mpaka wake. Mtu anayeona vizuri, akiwa mita 1 mbali, hatenganishi tena vitu vidogo kuliko takriban milimita 0.3, na mpaka huo unakua kadiri anavyorudi nyuma: mita 2 ni 0.6, mita 3 ni 0.9. Sasa angalia ukubwa wa pikseli moja. Kwenye inchi 43 ya Full HD ni milimita 0.5. Kwenye inchi 55 ya Full HD ni 0.63, kwenye 65 ni 0.75. Kwa hiyo anayekaa mita 3 kutoka kwenye TV hazioni pikseli za Full HD hata kwenye inchi 65, na kuzigawa kila moja mara nne zaidi ili iitwe 4K hakumwongezei kitu machoni. Kwenye inchi 43 tofauti inaanza kuonekana ukisogea chini ya mita 1.7, umbali wa mtu anayecheza gemu au anayetumia TV kama skrini ya kompyuta.

Inchi 32 zenye 1366 kwa 768 zina pikseli ya milimita 0.52, hivyo kuanzia mita 1.8 ni safi. Kwa chumba kimoja ambamo kitanda kiko mita moja na nusu kutoka kwenye TV, hapo Full HD ya inchi 32 ina maana, na nyongeza yake ya bei ni halali.

Pima umbali wa kochi kabla ya kuingia dukani. Kanuni inayotumika sana ni kukaa kati ya mara moja na nusu na mara mbili na nusu ya mshazari wa kioo. Kochi likiwa mita 2.5 kutoka ukutani, TV kati ya inchi 40 na 65 itakufaa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua: wananunua inchi 43 ya 4K kwa sebule ya mita 3, wakati kwa pesa ile au kwa nyongeza ndogo wangepata inchi 50 na kuona zaidi kwa kila namna.

Tena inchi hudanganya jicho la bei. Kutoka 43 kwenda 55 inaonekana ni nyongeza ya inchi 12, lakini eneo la kioo linatoka sentimita za mraba kama 5,100 hadi 8,340, ongezeko la zaidi ya asilimia 60. Tuseme ya 43 ni shilingi 600,000 na ya 55 ni 950,000 za Tanzania. Kwa kila sentimita ya mraba ya kwanza inauzwa kama shilingi 118 na ya pili 114. Hesabu hii ya dakika moja kwenye simu inaonyesha haraka lini muuzaji anakuuzia kioo na lini anakuuzia jina. Ifanye kwa TV za daraja moja tu, kwa sababu kioo kizuri kina haki ya kugharimu zaidi.

LED, QLED, OLED

Herufi hizi zinachanganya kuliko zote, na kwa sababu zinafanana, watu hudhani ni ngazi za kitu kimoja.

TV inayoitwa LED ni LCD. Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kinafanya kazi ya kuuzuia au kuupitisha mwanga wa taa zilizo nyuma yake. Zamani taa hizo zilikuwa mirija ya floresenti, siku hizi ni taa ndogo za LED, ndiyo jina likabadilika. QLED nayo ni LCD ileile yenye taa za LED, ila imeongezwa utando wa chembe ndogo mno zinazoboresha usafi wa rangi. Mini-LED ni LCD ambayo taa zake za nyuma ni ndogo, nyingi, na zimegawanywa katika kanda zinazoweza kuzimwa mahali picha ilipo na giza. OLED ni kitu kingine kabisa: kila pikseli inatoa mwanga wake, na ikizima inakuwa nyeusi kweli.

Weusi ndio unaotenganisha TV nzuri na TV ya kawaida. Jicho husoma umbo kwa tofauti kati ya giza na mwanga kabla halijasoma nukta. Kioo kinachotoa kijivu badala ya nyeusi hufanya picha nzima ionekane kama ina ukungu, hata kiwe na pikseli milioni nane. LCD zina vioo vya aina mbili kuu. VA huziba mwanga vizuri, sehemu yake nyeupe ikiwa na mwanga mara 3,000 au zaidi ya sehemu nyeusi, lakini ukiitazama kwa pembeni rangi zinapauka. IPS inafika kama mara 1,000 tu, ila anayekaa kwenye stuli ya pembeni anaona rangi zilezile za aliye katikati. Kama familia inatazama usiku ikiwa imekaa mbele ya TV, tafuta VA. Kama ni mgahawa au sebule ndefu ambamo watu wamekaa pande zote, IPS ni bora.

Maduka mengi hayajui kioo ni cha aina gani, kwa hiyo jaribu mwenyewe. Weka kwenye flashi picha moja nyeusi tii yenye nukta nyeupe katikati. Ifungue, kinga mwanga wa duka kwa mikono miwili ukiwa karibu na kioo, na utazame kona. Kijivu kilichoenea sawa ni tabia ya IPS. Weusi uliokolea katikati lakini pembeni kuna mabaka ya mwanga ni dalili kwamba taa hazijapangwa vizuri, na mabaka hayo yatakukera kila usiku. Kisha fungua picha yenye sura ya mtu, jongea pembeni hadi uwe kwenye kona ya mkao wa sebule yako, uone ngozi inabadilikaje.

OLED ina picha ya juu kabisa, na bei yake ni ya juu vilevile. Ina udhaifu mmoja unaogusa matumizi ya kwetu: nembo au ukanda wa habari ukikaa mahali pamoja saa nyingi kila siku, kwa miaka, unaweza kuacha kivuli cha kudumu. Nyumba ambayo chaneli ya habari inawaka asubuhi hadi usiku ichague LCD nzuri, na pesa itakayobaki ifanye kazi nyingine.

HDR ni mpangilio wa picha wenye mwanga mkali zaidi na giza lenye maelezo zaidi. Kusoma mpangilio huo ni jambo moja, kuuonyesha ni jingine. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. TV nyingi za bei ya chini zinatoa kati ya 200 na 300, na HDR huanza kuonekana vizuri kuanzia 600 hivi. Kwenye TV ya niti 250, filamu ya HDR mara nyingi inatoka na giza kuliko ile ya kawaida, kwa sababu TV inajaribu kuukandamiza mwanga mwingi ndani ya uwezo mdogo. Usilipe hata shilingi kwa ajili ya stika ya HDR kwenye TV ya daraja hilo.

Hz ni idadi ya mara kioo kinavyobadilisha picha kwa sekunde. Karibu TV zote za bei ya chini na ya kati ni 60, na hiyo inatosha kwa matangazo ya kawaida ya mpira. Namba kubwa kama 200 au 400 iliyotanguliwa na neno "motion" ni hesabu ya kibiashara. 120 ya kweli huandikwa kama "refresh rate" ya kioo.

Kinachoingia ndicho kinachotoka

Malalamiko ya kawaida baada ya kununua 4K ni kwamba chaneli zinaonekana vibaya kuliko kwenye TV ya zamani. TV haijaharibika. Chaneli nyingi za bure bado zinarushwa kwa kiwango cha kawaida, SD, ambacho ni pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Kioo cha Full HD kina mara tano ya hizo. Kioo cha 4K kina mara ishirini. Maana yake, katika kila pikseli 20 za 4K, moja tu ina habari kutoka studio na 19 zimebuniwa na TV yenyewe. TV yenye prosesa nzuri inabuni kwa ustadi, ya bei ya chini inatoa sura za nta na nyasi za uwanja zisizo na majani. Na kioo kikubwa kinazikuza kasoro ambazo TV ya zamani ya chogo ilikuwa inazificha.

Kabla ya kulaumu TV, geuza nyuma uone waya. Nyumba nyingi zina kisimbuzi cha HD kilichounganishwa kwa nyaya tatu za AV, nyekundu, nyeupe na njano. Ule wa njano peke yake ndio unaobeba picha, na hauwezi kupitisha zaidi ya SD hata kama kisimbuzi na TV vyote ni vya kisasa. Badilisha kwa waya wa HDMI. Kisha ingia kwenye menyu ya kisimbuzi, sehemu ya picha, uweke 1080i au 1080p, kwa kuwa vingine huja vimewekwa 576. Waya wa HDMI wa kawaida wa mita moja na nusu unatosha. Picha ya HDMI ni ya kidijitali: waya ukiwa mzima, picha inafika nzima, na ukiwa mbovu utaona vimulimuli au kioo kitazimika na kuwaka. Waya wa bei kubwa wenye ncha za dhahabu hauongezi rangi.

Kwa wanaotazama kupitia intaneti, 4K ina gharama ya kila mwezi ambayo stika haisemi. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, saa moja ya HD inatumia hadi GB 3, na saa moja ya 4K hadi GB 7. Inahitaji kasi ya Mbps 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K. Anayetumia bando la simu ataimaliza tofauti ya bei ya TV ndani ya miezi michache.

Jambo la mwisho upande huu ni antena. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilikamilisha mwaka 2015. Mitambo ya dijitali ya kwetu inatumia mfumo wa DVB-T2. TV iliyoandikwa T2 (maduka mengi huandika T2S2, S2 ikiwa ya dishi) inaweza kupokea chaneli zisizofungwa kwa antena peke yake, bila kisimbuzi. Iliyoandikwa DVB-T bila 2 haiwezi.

Hilo linawahusu sana wanaonunua TV za mtumba. TV ya soko la Marekani ina mfumo wa ATSC, ya Japani ina ISDB-T, na zote mbili hazisomi matangazo yetu. Utahitaji kisimbuzi siku zote. Umeme ni hatari zaidi. Tazama kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa AC 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Kikiandikwa 120V au 100V peke yake, TV hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na adapta ya pini haifanyi kazi hiyo, inabadilisha umbo la plagi tu. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230, bodi ya umeme inaungua papo hapo.

Smart isikupofushe

Sehemu ya smart ni kompyuta ndogo iliyowekwa ndani ya TV, nayo huzeeka haraka kuliko kioo. Kwenye TV za bei ya chini huwa na RAM ya GB 1 na hifadhi ya GB 8, na baada ya masasisho machache inaanza kukwama. Nyingi pia zinaendeshwa na Android isiyo na leseni ya Google. Zinaonekana sawa na nyingine, lakini Netflix inagoma au inakubali kwa picha hafifu, kwa sababu ufunguo wa ulinzi wa filamu haumo. Jaribu palepale dukani kwa intaneti ya simu yako: fungua YouTube, chagua video, angalia kwenye mipangilio yake inafika ubora gani.

Ushauri ni kununua kioo kwanza. TV isiyo smart yenye kioo kizuri unaweza kuiongezea kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, ukakibadilisha baada ya miaka kadhaa. Kioo kibaya hakiongezewi chochote.

Kwa nini taa zinakufa

TV ya LED ikiharibika, mara nyingi kinachokufa ni taa za nyuma. Dalili ni sauti ipo, picha hakuna, au picha inatokea sekunde moja na kupotea. Zima taa za chumba, elekeza tochi kwenye kioo kwa mshazari ukiwa karibu kabisa. Ukiona vivuli vya picha vinatembea, kioo ni kizima na taa ndizo zimekwisha. Taa hizi hupangwa kwenye vibao virefu vyembamba, zikiunganishwa kwa mfuatano, hivyo moja ikikata njia, mstari wote unazima na bodi inajizuia.

Sababu kubwa ni joto. Ili TV ya bei ya chini ing'ae dukani, kiwanda huweka taa chache na kuzisukuma kwa mkondo mkubwa, kisha TV inatoka ikiwa imewekwa mwanga asilimia 100. Siku ya kwanza nyumbani ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha "Backlight" hadi 50 au 60. Usichanganye na "Brightness", ambayo kwenye TV nyingi hugusa kina cha weusi na wala si taa. Toa mtindo wa "Vivid" au "Dynamic", weka "Movie" au "Standard", na shusha "Sharpness" karibu na mwanzo, maana ikizidi inachora mistari myeupe kuzunguka watu na majina ya wachezaji. Haya hayagharimu kitu, na mara nyingi yanaongeza usafi kuliko tofauti ya bei kati ya TV mbili.

Fundi akibadilisha taa, mwambie abadilishe vibao vyote. Zilizobaki zina umri uleule na zitafuata. Kazi yenyewe inawezekana na bei yake inavumilika, hatari ni kwenye kuinua kioo, ambacho ni chembamba na utepe wake wa nyaya ukichanika hauungiki. Kioo kikipasuka, gharama ya kingine inakaribia bei ya TV mpya, na waranti karibu zote hazihusiki na mpasuko.

TV za dabo glasi zina kioo kigumu cha ziada mbele, na kwenye nyumba yenye watoto wanaorusha vitu zinasaidia kweli. Ila ni nzito, zinaakisi dirisha na taa ya sebuleni, na hazizuii kioo cha ndani kuvunjika kwa kupinda. Ndiyo maana TV hubebwa imesimama, ndani ya boksi lake na maboya yake, yale mapande mepesi meupe yanayoikinga. Kuilaza kwenye buti la gari, au mapajani kwenye bajaji, ndiko kunakoleta nyufa zinazoonekana mara tu inapowashwa nyumbani.

Kwa matumizi ya umeme, soma wati kwenye kibandiko. TV ya wati 80 ikiwaka saa 6 kwa siku inakula kama uniti 14 na nusu kwa mwezi. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu huua bodi, kwa hiyo gadi ya TV, inayosubiri dakika kadhaa umeme utulie kabla ya kuupitisha, iwe sehemu ya bajeti tangu mwanzo. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa umeme na waya wa antena pia, kwani radi hupitia huko vilevile.

Ukiwa na pesa ya inchi 32, usihangaike na stika: hakikisha T2, jaribu weusi, chukua yenye waranti. Kwenye inchi 43, Full HD yenye weusi mzuri ipite mbele ya 4K yenye kijivu, na zikilingana kwa hilo chukua 4K kama bei iko karibu. Kuanzia inchi 50 karibu zote ni 4K, kwa hiyo linganisha taa na weusi pekee, na usisite kurudi inchi tano nyuma ili upate kioo bora.

Kabla ya kulipa, iwashwe iliyo ndani ya boksi utakalobeba, ile ya ukutani si yako. Omba mpira au taarifa ya habari badala ya video ya maua, kisha tukio la usiku la filamu. Weka skrini nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi moja baada ya nyingine, utafute nukta zilizokufa. Chomeka kitu kwenye kila tundu la HDMI na USB. Linganisha namba ya utambulisho (serial number) ya nyuma ya TV na ya kwenye boksi, na zote mbili ziandikwe kwenye kadi ya waranti pamoja na tarehe na mhuri wa duka. Tanzania dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Boksi na maboya yake vitunze hadi waranti iishe, maana duka likikwambia uirudishe, itasafiri humo humo.